Naomba ushauri: chavua za kale kutoka bonde la Ruhuhu zimetoka nyeusi

Wakuu, habari za leo, na shikamooni walimu wangu mliomo humu.

Nafanya utafiti wa uzamili kukadiria umri wa miamba ya mashapo ya Karoo (kundi la miamba ya kale ya kusini na mashariki mwa Afrika) katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, kwa visukuku vya chavua na spora. Sampuli ni mawe ya matope yaliyo jirani na tabaka la makaa ya mawe. Niliziyeyusha kwa asidi ya hidrokloriki, kisha hidrofloriki, nikachuja mabaki.

Kwenye hadubini nimeona chavua zenye vifuko viwili vya hewa na michirizi mwilini, zile zilizotamalaki kipindi cha Permiani, kilichoisha miaka milioni 252 hivi iliyopita. Nilifurahi mno! Ila nyingi ni nyeusi tii, michirizi haisomeki, na bila michirizi siwezi kutaja jenasi. Je, nizing'arishe kwa asidi ya nitriki? Kwa dakika ngapi? Naogopa kuziharibu, maana jiwe lililobaki ni kidogo.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Sampuli moja ina chembe tatu za chavua ya mimea ya maua, ambayo haikuonekana hadi kipindi cha Kretasia, muda mrefu baada ya Permiani. Rangi yake ni njano hafifu, wakati wenzake wameiva na kuwa weusi kwa joto la ardhini. Nahisi ni uchafu wa siku hizi, kwa kuwa jiwe nililiokota juu ya ardhi, halikutoka kwenye shimo la kuchoronga. Niziondoe kwenye hesabu, au nirudie sampuli nzima? Picha ninazo, nitaziweka mkihitaji.