MREJESHO: Msamiati na insha za kushawishi, darasa la tano

Wakuu, nilikuja hapa nikilalamika kwamba wanafunzi wangu wanakariri maneno kisha wanayasahau. Asanteni sana. Aliyesema tuanze na mzizi, Mungu ambariki: kutoka -lim- walitoa limia, limisha, mkulima, kilimo, na sasa wakikutana na neno geni wanalivua viambishi wenyewe. Kwenye -l- ya kula tulikwama. Undugu wa mlo na mlaji hawakuuona.

Insha bado. Mdahalo kwanza, kalamu baadaye, kama mlivyoshauri, umesaidia: kila dai sasa lina "kwa sababu". Ila hoja ya mpinzani wanaijibu kwa mdomo tu, kwenye daftari inapotea. Muhula ujao watamwandikia mwalimu mkuu barua kuomba maktaba ifunguliwe mchana.