Mkanda wa mazishi ya Mzee umekataa kwenye DVD ya Mama, nifanyeje?

Mnyore wa Migosi
Wadau hamjambo. Naomba msaada, mniwie radhi nikirefusha.

Tulimzika Mzee Desemba iliyopita kwetu Luanda, ukishapita Maseno. Mpiga video alitupa kazi yake kwa flashi: faili moja ya MP4, masaa 3 na dakika 10, GB 11. Sisi watoto tumeitazama kwenye simu na haina neno. Shida ni Mama. Yeye ana DVD yake ya miaka mingi, imekaa chini ya TV na kufunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na anataka "sidii ya Mzee" ambayo ataiweka akipenda, si kungoja mimi nifike na simu.

Nikanunua diski tupu tano hapa Kibuye, nikakata saa la kwanza la video na kulichoma kwa laptopu. Kwenye laptopu linacheza vizuri. Nyumbani mashine ikazunguka, ikakohoa kidogo, halafu ikaandika kwamba diski ni mbovu. Nikarudia na nyingine, vilevile. Ya tatu iliharibikia mkononi mwangu: stima ilipotea kazi ikiwa asilimia 80, na betri ya laptopu yangu ilikufa zamani.

Nimekosea wapi?

Kijana wa Kondele
Pole kwa msiba ndugu. Hiyo ni rahisi, badilisha tu jina la faili, badala ya .mp4 andika .vob, halafu uchome. DVD zote zinasoma VOB.

Fundi Mstaafu
Kijana, usimpoteze mwenzako. Kuandika "sukari" kwenye mkebe wa chumvi hakufanyi chai iwe tamu.

Mnyore, pole sana kwa kumpoteza Mzee. Diski zako si mbovu, na mashine ya Mama huenda ni nzima. Ulichofanya ni kunakili faili kwenye diski, basi, kama vile ungeiweka kwa flashi. Laptopu inaisoma kwa sababu laptopu inasoma karibu kila kitu. Mashine ya DVD ina akili moja tu. Inatafuta folda inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake faili za IFO, BUP na VOB, na picha iliyobanwa kwa MPEG-2. Video yako bila shaka imebanwa kwa H.264, njia nyingine ya kubana iliyokuja baadaye. Mashine za DVD zilianza kuuzwa Japani 1996, na H.264 ilikamilishwa 2003. Nyingi za bei nafuu hazikuwahi kufundishwa lugha hiyo hata baada ya hapo.

Kwa hivyo kazi ni mbili: kwanza kugeuza video iwe MPEG-2, pili kuipanga kwa mpangilio wa DVD. Ndipo uchome. Lakini kabla ya hayo niambie, usoni mwa hiyo mashine kuna alama gani? Kuna neno DivX, yaani inasoma pia video zilizobanwa kwa njia hiyo? Kuna tundu la flashi?

Mama Pacha
Kwani ni lazima diski? Mnunulie TV mpya ya flashi mmalize. Siku hizi nani bado anachoma DVD.

Mnyore wa Migosi
Fundi asante, sasa naelewa. Nimempigia mdogo wangu akaenda kuangalia. Kuna alama ya DVD, kuna DVD-R na DVD+R (aina za diski za kuchoma inazosoma), DivX hakuna. Tundu la flashi liko mbele. TV ni ile ya mgongo, iliyonusurika 2015 analojia ilipozimwa kwa sababu tuliinunulia king'amuzi. Imeungwa na DVD kwa waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe.

Mama Pacha, TV mpya iko kwenye mipango, mipango ndiyo haina pesa. Hata hivyo flashi tulijaribu. Lilitokea orodha la majina ya ajabu, PART1~1 na mengine, Mama akaangalia rimoti, akaangalia sisi, akaenda jikoni. Diski anaijua: unafungua, unaweka, unafunga.

Fundi Mstaafu
Basi diski. Na hata kwa flashi mashine bila DivX ingekataa MP4 yako, sembuse kwamba nyingi zinataka flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haipokei faili moja inayozidi GB 4.

Tumia DVDStyler, ni ya bure, inageuza na kupanga kwa pamoja. Ukianza mradi mpya itakuuliza PAL au NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. Chagua PAL, ndiyo yetu hapa Kenya: picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Sauti iwe AC3, aina ya sauti ambayo mashine za DVD husoma. Menyu usiweke. Mama akifunga droo, Mzee atokee.

Sasa ukubwa. Diski ya kawaida ni GB 4.7, ingawa kompyuta itakuonyesha 4.37 kwa sababu ya namna yake ya kuhesabu. Masaa mawili yanaenea vizuri, kama megabiti 5 kila sekunde. Masaa 3 na dakika 10 ukiyasukuma humo yatashuka hadi 3 na kitu, na kwenye nyasi na umati wa watu utaona vijisanduku. Gawanya mara mbili. Dakika 95 kila diski zinakupa zaidi ya megabiti 6, picha safi.

Nyanza Boy
Ama ukate hotuba za wanasiasa. Itaenea diski moja na nafasi ibaki 😂

Mnyore wa Migosi
Nyanza Boy, hata mimi niliwaza hivyo, nikamwambia Mama. Alikataa kabisa. Kumbe wakati mheshimiwa mmoja anajisifu kuhusu barabara, nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, amekaa dada yake Mama akipepea mtoto kwa karatasi ya ibada. Yeye naye alitutoka mwezi wa tatu. Kwa hivyo mheshimiwa anabaki na barabara zake.

Nitagawanya pale ibada inapoisha. Nitaleta habari.

Kijana wa Kondele
Nimesoma nikajifunza, nafuta kauli yangu. Lakini choma kwa spidi ya juu kabisa, umalize kabla stima haijapotea tena.

Saiba Maseno
Hapana. Mimi nimechoma diski za harusi na graduesheni miaka mingi. Mashine za zamani macho yake yamechoka, diski iliyochomwa mbio inazisumbua kusoma: picha inakwama, inaruka. Spidi ya 4, diski nzima ni kama robo saa. Kuhusu stima, azima laptopu yenye betri nzima. Mwishoni hakikisha programu imeifunga diski (finalize); isipofungwa, laptopu itaisoma na mashine ya nyumbani itaikataa. Andika jina kwa makapeni laini, usibandike stika, diski ikizunguka huyumba.

Ukiulizwa diski ipi, kwa mashine kongwe mimi huchukua DVD-R.

Mnyore wa Migosi
Nimerudi. Kugeuza peke yake kulichukua usiku mzima, nililala feni ya laptopu ikilia kama posho mill.

Diski ya kwanza ilicheza! Ila picha ikawa nyeusi na nyeupe. Mama akaniuliza kwa utaratibu, "Mwanangu, Mzee mlimzika Desemba ama enzi za mkoloni?" Nimechunguza, kumbe nilipitia lile swali la mwanzo haraka nikaacha NTSC.

Fundi Mstaafu
Ha! TV ya mgongo ya PAL ikiletewa NTSC kwa ile waya ya njano mara nyingi hupoteza rangi. Rudia kwa PAL. Na safari hii agiza programu itengeneze faili ya ISO kwanza (diski nzima ndani ya faili moja), uijaribu kwenye laptopu, halafu ndipo uchome kwa programu ya ImgBurn. Diski hutupi.

Mnyore wa Migosi
Jumapili tumeitazama, zote mbili, rangi zipo. Kitambaa cha DVD kimekunjwa kikawekwa juu ya kabati. Mama alisimamisha picha mara nne kwa rimoti, mara ya nne ni pale kwa dada yake, tukakaa hapo mpaka chai ikapoa.

Sasa shangazi watatu wanataka nakala. Nikichoma sita mfululizo hii laptopu ya kuazima itavumilia?

Saiba Maseno
Itavumilia, ila ipumzishe dakika kumi kila baada ya diski mbili. ISO unazo, usigeuze upya. Na waulize shangazi kwanza kama mashine zao zinafanya kazi, usije ukapanda matatu mara tatu.