Kung'arisha mabakuli ya kukereza: klorini, oksaliki au peroksaidi?

Fundi wa Langoni
Salaam aleikum. Nina mabakuli sita ya mwembe niliyoyakereza hapa Lamu. Gogo lilinyeshewa masika yote, limeingia michirizi ya kijivu, na mteja anayataka meupe. Klorini ya kufulia nguo nimepaka mara mbili: ukungu wa juu umetoka, michirizi ipo palepale. Nijaribu oksaliki, ile asidi ya kutoa madoa, au peroksaidi, ile dawa ya kutoa rangi?

Mkereza Malindi
Waaleikum salaam. Klorini ni ya ukungu na rangi za kupakwa. Rangi ya mti wenyewe haiisumbui sana. Oksaliki nayo ni ya doa la chuma. Niliwahi kusugua bakuli la mgunga kwa waya wa masufuria likiwa bichi, asubuhi likaamka na madoa meusi kama wino. Ni tanini, ule ukakasi uliomo kwenye magamba ya mkoko, ikikutana na chuma na maji. Oksaliki iliyokorogwa katika maji ya moto iliyatoa yote. Ila ni sumu: suuza mno kabla ya msasa, vumbi lake linakereketa koo vibaya. Kijivu chako ni kuvu iliyozama ndani. Oksaliki haitakusaidia.

Binti Shela
Kaka, peroksaidi. Si ile ya 3% ya duka la dawa. Ya mbao ni 30 hadi 35%, inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Tangulia na kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, halafu peroksaidi juu yake. Tumia chombo cha plastiki. Likishakauka, lifute kwa siki na maji, kisha suuza. Lakini klorini uliyopaka iondoe yote kwanza, nakusihi! Ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu.

Mkereza Malindi
Kweli. Na weupe huo ni wa juu tu. Nyuzi zitasimama, zipitishe msasa laini kidogo sana, usije ukairudia rangi ya chini.

Mzee wa Matondoni
Wanangu, mwembe upasuliwe mapema, ncha zipakwe nta, ukauke kivulini penye upepo. Hapo kijivu hakiwahi. Tena mafuta ya kitani yatalitia bakuli umanjano upya.

Fundi wa Langoni
Shikamoo mzee. Basi nitaanza na kipande cha gogo lilelile, nikipake na mafuta, mteja akione kabla sijagusa bakuli.

Mzee wa Matondoni
Marahaba. Mwoneshe na moja lenye michirizi yake.