Mjadala: Je, tulikula vizuri zaidi tulipofungiwa mwaka 2020?

Mwalimu wa Tudor

Nina swali ambalo sijapata kulijibu kwa uhakika tangu mwaka 2020, nami naliweka hapa tulijadili kwa uwazi: je, kipindi kile cha kufungiwa kilitengeneza ulaji wetu au kiliuharibu? Nazungumzia Mombasa niliyoishuhudia. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, kafyu ikaanza tarehe 27, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake ndani ya mji uliokwisha kufungwa.

Nyumbani kwangu jibu ni la kheri. Hapo awali kila mtu alikula kwa saa zake, na mara nyingi alikula chipsi za njiani. Kafyu iliporudisha watu wote nyumbani mapema, tulianza kula sinia moja, mchicha na kunde na matembele vikarejea, samaki akachukua nafasi ya kuku wa kukaangwa, na soda tukaisahau. Niongeze jambo moja: tulitambua kuwa mahamri tuliyokuwa tukiyanunua kila asubuhi yalikuwa mazoea ya uvivu tu, kwa sababu mwanamke anayelijua jiko lake hana haja ya staftahi ya barabarani.

Mpishi wa Kibokoni

Mwalimu, nimeyasoma yote uliyoyaandika juu ya sinia na mchicha, na ningeyapita kwa salama lau si lile neno uvivu. Mimi ni katika hao mliokuwa mkiwanunulia. Unga wa mahamri naukanda baada ya isha kwa tui, iliki na hamira, mbaazi nazirowesha mapema, na saa tisa za usiku niko jikoni ili wewe ukitoka kusali alfajiri uyakute ya moto. Huo ni uvivu wa nani?

Mji wa Kale umeupa sentensi moja, nami niliishi ndani ya sentensi hiyo. Tarehe 6 Mei tulitangaziwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15, masoko na mahali pa kulia pakafungwa, kisha muda ukaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni. Ramadhani ilikuwa imekaribia nusu. Auzaye viazi vya karai, bajia, sambusa na kaimati hutafuta katika mwezi huo karo ya watoto na kodi ya nyumba ya miezi inayofuata, kama mkulima anavyovuna msimu wake. Idi ya tarehe 24 Mei ilitukuta tumefungiwa, karai limetundikwa ukutani, na unga nilioununua kwa jumla umeingia wadudu.

Muuguzi wa Changamwe

Dada yangu wa Kibokoni, nakupa pole kwa hasara hiyo. Hata hivyo, naomba tusimhukumu mwalimu kwa neno moja, kwa kuwa katika afya ana hoja. Mafuta ya karai yanayochemshwa leo, kesho na keshokutwa si salama, na mtu aliyepumzika nayo miezi miwili hakupoteza kitu.

Lakini mwalimu naye asidhani kwamba nyumba zote zilikuwa kama yake. Wenye kisukari na shinikizo la damu walisikia kila siku kwamba wao ndio walio hatarini zaidi, wakaogopa hata kuja kliniki, wakakaa ndani bila kutembea. Chakula cha bei nafuu kilichowabakia kilikuwa ugali, chapati na chai yenye sukari nyingi. Katika familia moja utamkuta ndugu aliyeendelea kupokea mshahara amenenepa, na ndugu aliyesimamishwa kazi hotelini amekonda. Wote wawili walifungiwa, na siku zao zilikuwa zile zile.

Mpishi wa Kibokoni

Muuguzi, hukuwahi kufika jikoni kwangu ukaona mafuta yangu. Mafuta yakianza kutoa povu na kugeuka rangi nayamwaga, kwa sababu kiazi kilichokaangwa katika mafuta mabovu huwa cheusi na kichungu, na mteja wa Mji wa Kale harudi mara ya pili akishakionja. Nimekaanga kwa miaka 19. Wenye duka la chipsi lenye kioo na taa hawaulizwi mafuta yao ni ya lini. Anayeulizwa ni mwanamke aliyeketi barazani.

Msafiri wa Likoni

Ndugu zangu, mwalimu ameuliza juu ya ulaji, nasi tumegeuka wakaguzi wa makarai. Mimi nakumbuka kwamba kafyu ya Aprili ndiyo iliyovunja desturi yetu ya futari. Magharibi Ramadhani ile iliadhiniwa kama dakika arobaini tu kabla ya saa moja, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kualikana wala wa kupeleka sahani kwa jirani wa mtaa wa pili, na misikiti ilikuwa imefungwa. Tulifuturu kila nyumba peke yake, kwa haraka, kama wasafiri.

Muuguzi wa Changamwe

Kafyu haikuanza Aprili, ilianza Machi kama mwalimu alivyoandika. Ya Aprili ni marufuku ya kuingia na kutoka Mombasa. Na sikumtaja mtu yeyote kwa mafuta mabovu. Nilisema lile ambalo ningelisema hata kwa dada yangu wa tumbo moja.

Mkaazi wa Kayole

Nawasoma kutoka Nairobi, ambako tulizuiwa kutoka tangu tarehe 6 Aprili, na nashangaa kwamba mnazungumzia jiko kana kwamba kila mtu analo. Sisi tulikuwa watu watano katika chumba kimoja, na jiko letu lilikuwa la mafuta ya taa. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, haichemki kwa nusu saa. Ukipiga hesabu ya mafuta ya taa yanayoivisha maharagwe makavu, utaona kwamba ni nafuu kuyanunua yaliyokwisha chemshwa kwa mama anayepika sufuria kubwa kwa ajili ya mtaa mzima, kisha wewe ukayakaangia kitunguu. Kwa hiyo neno hilo la uvivu linatuhusu na sisi, nami nalikataa. Anayenunua chakula kilichopikwa mara nyingi ananunua moto asiokuwa nao.

Serikali ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14, na wafanyakazi wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 wakaondolewa kodi ya mshahara. Nafuu hiyo ilimfikia mwenye mshahara. Unga wa mahindi haukuwa ukitozwa VAT tangu mwanzo, na kibarua hana hati ya mshahara. Tulichobadilisha sisi ni idadi ya milo: chai ya asubuhi ilisogezwa hadi saa tano ili iwe ndiyo chakula cha mchana, na ugali ukaliwa kabla ya giza. Watoto waliokuwa wakipata chakula cha mchana shuleni walikipoteza siku shule zilipofungwa.

Msomaji wa Tanga

Huku kwetu hatukufungiwa majumbani, ingawa shule zilifungwa mwezi huo huo wa Machi, na bado ulaji ulibadilika. Limau na tangawizi zilipanda bei, kila nyumba ilichemsha chai ya viungo, na nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, ikarudi hata kwa watu waliokuwa wakiidharau. Nasema hivi ili mwalimu asidhani kwamba kila badiliko lililetwa na amri ya serikali. Mengine yaliletwa na hofu.

Mama wa Watoto Wanne

Nimesubiri mtu aulize, na hakuna aliyeuliza. Mwalimu, sinia hiyo moja ilipikwa na nani? Matembele yalichumwa na kukatwa na nani, na samaki aliparuliwa magamba na nani?

Shule zilifungwa katikati ya Machi. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirejea tarehe 12 Oktoba, na waliobaki walisubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Watoto wangu watatu walikuwa katika hao waliobaki. Kwa miezi tisa nilipika staftahi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, cha jioni, na katika Ramadhani futari na daku, wakati ambapo zamani asubuhi nilikuwa nikimtuma mtoto kwa jirani na mahamri yanakuja na mbaazi zake. Nusu saa ile niliyoinunua kwa shilingi chache ndiyo iliyokuwa pumziko langu. Ilipoondoka, baba wa nyumba alisema kama wewe, kwamba siku hizi tunakula vizuri. Ni kweli alikula vizuri.

Mwalimu wa Tudor

Bibie, unanihukumu bila ya kuijua nyumba yangu. Nazi nilikuwa nikikuna mwenyewe, mbuzi ya kukunia tunayo hadi leo, na samaki nilikuwa nikimparua magamba kwa mikono yangu. Sikuketi nikangoja kuandaliwa chakula.

Neno uvivu naliondoa, na kwa dada wa Kibokoni naomba radhi. Ila swali langu mmelikimbia. Kukaa pamoja na kula pamoja kulikuwa na thamani, na kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku mwezi wa Juni, wanangu walianza kutawanyika tena. Je, hilo nalo nisilisikitikie?

Mpishi wa Kibokoni

Radhi nimeipokea, mwalimu, na hakuna anayekukataza kusikitika. Mimi nilianza tena baada ya kufunguliwa, kidogo kidogo. Wateja waliagiza kwa simu na kulipa kwa simu, maana ada ya kutuma chini ya shilingi 1,000 ilikuwa imeondolewa, na kila mmoja alikuja na bakuli lake. Baadhi hawakurudi. Wamejifunza kupika mahamri, na siwalaumu.

Nitakwambia kwa nini nilikasirika. Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mzee anayeishi peke yake, aliyefiwa na mkewe zamani, na chumbani kwake hakuna jiko. Miaka yote asubuhi alikula kwangu, mchana mkahawani, usiku viazi au mkate wa mofa. Vyote vilipofungwa siku moja, hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nahesabu hasara yangu na sikumfikiria, mpaka siku ya tisa nilipompandishia uji wa futari nikakuta maganda ya mkate wa boflo na birika la chai aliyoletewa na mlinzi wa nyumba ya pili. Alikuwa akila boflo na chai kwa futari, na boflo na chai kwa daku. Tangu siku hiyo nilimpikia pamoja na wanangu hadi Mji wa Kale ulipofunguliwa, na siku ya kwanza nilipoliinjika karai tena barazani, alishuka na bakuli lake kabla hata mafuta hayajapata moto.