Cyclone Taylor alikuwa msaliti au mtafutaji?

Mwana wa Likoni: Wakuu, nisaidieni ubishi. Fred "Cyclone" Taylor, yule nyota wa hoki ya barafuni wa Kanada enzi ndiyo kwanza wachezaji wanaanza kulipwa. 1909 ananyanyua Kombe la Stanley na Ottawa. Msimu uliofuata huyoo, kahamia Renfrew, kamji kadogo ambako tajiri wa migodi ya fedha, O'Brien, alimwekea dola 5,250 kwa mechi 12. Aliporudi Ottawa na jezi ngeni, mashabiki walimzomea, wakamrushia vitu. Mimi nawaunga mkono. Kombe halijapoa, ushaondoka?

Fundi Msumari: Mguu ukivunjika, shabiki atakuletea unga nyumbani? Kombe la 1910 lenyewe walichukua Wanderers wa Montreal, Renfrew wakatoka kapa. Mtu alifuata riziki, ni halali yake.

Mwana wa Likoni: Riziki alikuwa nayo! Ottawa walimtafutia kazi serikalini, idara ya uhamiaji. Usimfanye maskini hapa.

Jogoo la Shamba: Si ndiye aliyewafunga Ottawa akiteleza kinyumenyume?

Fundi Msumari: Wapo wanaoapa hivyo. Lililo hakika ni kwamba Renfrew waliwapiga 17–2.

Reli ya Zamani: Mmetaja uhamiaji mkapita mbio kama mmekanyaga moto. 1914 alikuwa ofisa wa uhamiaji Vancouver, miongoni mwa walioshughulika na meli ya Komagata Maru. Abiria 376 kutoka Punjab, wengi wao Wasikh, raia wa himaya ileile ya Mwingereza, karibu wote walizuiwa melini miezi miwili. Mji wanauona, nchi kavu hawakanyagi, chakula na maji vinawaishia. Huyo ndiye mnayembishania mshahara?

Fundi Msumari: Kalasinga na hoki wapi na wapi? Sheria hakuitunga yeye. Na hao abiria masharti waliyajua.

Reli ya Zamani: Babu wa baba yangu alishuka Mombasa akitoka hukohuko Punjab, akaja kulaza mataruma ya reli. Nyundo yake tunayo nyumbani, mpini umelika mahali pa kidole gumba. Kwa hiyo hilo jina lako niondolee. Na masharti gani unayosema wewe? Sheria ilitaka msafiri aje moja kwa moja kutoka kwao bila kukatiza safari, ilhali meli ya namna hiyo kutoka India haikuwepo. Mlango uliofungwa ukapakwa rangi ya sheria. Polisi walipoijia meli na boti, abiria waliwarushia makaa ya mawe na matofali. Ikaletwa manowari, wakafukuzwa. Walipofika karibu na Calcutta wengine wakapigwa risasi wakafa.

Bi Mkubwa wa Pangani: Fundi mwanangu, mtake radhi mwenzio. Waziri Mkuu wa Kanada mwenyewe aliomba radhi bungeni 2016 kwa jambo hilo, wewe nani?

Fundi Msumari: Shikamoo Bi Mkubwa. Kaka Reli, kwa lile neno nakutaka radhi, mtaani kwetu tumelizoea, sikukusudia tusi. Lakini hapa sirudi nyuma: ofisa mdogo atakaidije amri ya wakubwa wake? Akifukuzwa, atakula wapi?

Reli ya Zamani: Radhi nimeipokea. Atakula kwenye hoki! Si nyinyi mnaotuambia alilipwa pesa ambazo wenzake walikuwa wanazisikia tu? Vancouver kwenyewe alikuwa anacheza kwa malipo, timu inaitwa Millionaires. Ottawa iliyompenda aliiacha mara moja. Ofisi ile ilimshika nini?

Jogoo la Shamba: Lo.

Mwana wa Likoni: Tena 1915 akachukua kombe na hao Vancouver, na waliofungwa ni Ottawa walewale! Bado mnasema si msaliti?

Fundi Msumari: Mwana, ngoja kwanza. Reli hajajibiwa.