Consignor na consignee, nani ni nani hapa?

MtotoWaKisauni: Asalaam aleikum wadau. Nimeanza kazi juzi juzi ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, sasa kuna mteja wa Mwembe Tayari analeta vigae kutoka China, nimepewa fomu kuna pahali pa consignor na pengine consignee, na jamaa wa meza ya pili aniambia consignor ndo mwenye mzigo. Mwenye mzigo si ndo huyu mteja wetu?

Yakhe_Kilindini: Yakhe usitume hiyo fomu! Tizama mkia wa neno, -or ndo afanyaye na -ee ndo afanyiwaye. Consignor atuma, huyo ni wa China, consignee ndo mteja wako. Kwenye bill of lading, yaani hati ya mzigo wa meli, consignor wamemwandika shipper, ni yuyo yuyo.

Bi_Tudor: Sawa, ila lazima ujue kitolewacho ni nini. Mortgagee watu wengi wadhani ni yule aliyekopa kwa sababu ndo aliyepewa pesa, kumbe linaloangaliwa hapo ni nyumba kuwekwa rehani, kwa hivyo aliyekopa ndo mortgagor na benki ndo mortgagee. Lessor na lessee rahisi, mwenye nyumba na mpangaji.

chai_ya_rangi: na escapee je? mfungwa katoroka mwenyewe, nani kamfanyia 😂

Bi_Tudor: Huyo kaitoroka na kanuni yenyewe, muache.

MtotoWaKisauni: Haya shukran, lakini nikitizama bill hapa naona consignee ni "to order of" halafu jina la benki, mteja yuko chini kwenye notify party??

Yakhe_Kilindini: Ahaa, "to order of" ni kwamba mzigo hutolewa kwa amri ya benki, basi mteja kapitia benki. Notify party ni wa kuarifiwa tu meli ikifika, hilo peke yake halimpi mzigo. Benki yaushika mpaka wamalizane na mteja, kisha iidhinishe nyuma ya bill kwa sahihi na muhuri, ndo ajenti wa meli atoe delivery order, ile hati ya kuruhusu mzigo utolewe. Usijibunie jina hapo, muonyeshe bosi kwanza, manake majina yakipishana na manifesto, orodha ya mizigo ya meli, utakwenda kurekebisha huku gharama ya storage yapanda kila siku na mteja hatokuelewa.

Bi_Tudor: Na benki uwaulize original ya bill mwanangu, si kopi. Kwa kawaida hutolewa tatu, moja ikishatumika kutolea mzigo zilobaki hazina kazi.