Wenye fibromialgia: zoezi gani limekufaa, lipi limekulaza? Tupeane uzoefu

Dada wa Area C
Wadau habari za jioni. Naanza mwenyewe. Mwaka wa nne huu mwili unauma, shingo hadi nyayo. Nimepimwa damu, nimepigwa eksirei, majibu safi, mpaka nyumbani wakaanza kusema najidekeza. Daktari mmoja ndiye aliyenielewa: hii ni fibromialgia, misuli haijaharibika, ila mishipa ya fahamu imekuwa kama mbwa anayebweka hata jani likipita. Akasema fanya mazoezi. Hakusema kiasi gani!

Basi nikajiunga na jogging ya Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi tuko pale Uwanja wa Jamhuri. Nilikimbia kama kilomita tano, nikarudi najiona kijana. Jumapili mzima. Jumatatu nikashindwa kukamua dawa ya mswaki, mwanangu ndiye aliyenikamulia. Siku nne za kitandani. Sasa natembea tu, nilianza na dakika tano. Nyie je?

Mama Zabibu
Pole mwaya. Mimi niliambiwa maji ndiyo mwisho wa matatizo, nikalipia bwawa la hoteli. Mwezi wa sita! Upepo wa Dodoma mnaujua, na maji yale hayapashwi moto. Nilitoka mabega yamekaza kama mbao. Desemba nikaenda kwa mdogo wangu Dar, nikawa natembea baharini maji yakiwa kifuani, yana uvuguvugu, mwili hauna uzito. Usiku nililala, jamani. Kulala! Sasa bahari nitaileta vipi huku?

Mwalimu Mstaafu, Kongwa
Mimi ni chupa mbili za maji za nusu lita. Mtaalamu wa viungo aliniambia nianze nazo zikiwa nusu, mara nane tu, siku tatu kwa wiki. Nikaona ni dharau kwa mtu mzima. Mwezi wa tatu nikabeba ndoo toka bombani bila kuita mjukuu. Maumivu yapo bado, nisiwadanganye, lakini nguvu imerudi. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa baridi yabisi walipitia tafiti, wakaipa mazoezi alama kubwa kuliko dawa yoyote. Kati ya kutembea na kunyanyua hawakuchagua mshindi.

Dada wa Area C
Shikamoo mwalimu. Siku mwili umeamka mbaya unaacha?

Mwalimu Mstaafu, Kongwa
Marahaba. Siachi, napunguza, mara tatu badala ya nane. Na siku nzuri siongezi. Hapo ndipo wengi tunapojimaliza: ukiamka mwepesi unafua, unadeki, unakwenda Majengo sokoni kwa mguu, halafu unalala wiki.

Kijana wa UDOM
Tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, msinicheke. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018 uliilinganisha na mazoezi ya moyo na mapafu, haikushindwa, hata ilizidi kidogo. Najifunza kwenye simu, chumbani. Mwenzangu wa chumba anasema nafukuza nzi taratibu.

Binti Kondoa
Mimi nasoma tu. Kila anayenitajia mazoezi ni yule yule anayeniita mvivu, nimechoka. Ila hizo chupa nusu nitazijaribu.

Dada wa Area C
Binti, karibu. Leo nimefika hadi kwa muuza mahindi na kurudi, dakika kumi na mbili. Ripoti keshokutwa, ndiyo siku mwili wangu unapodai malipo.